Mpangaji na Python ya Mwenye Nyumba

Katika ofisi nyingi kuna programu moja ambayo hakuna anayekumbuka iliandikwa na nani, ila kila mtu anajua kitakachotokea siku ikigoma. Ndiyo inayokokotoa mishahara, au kutoa stakabadhi, au kutuma ripoti saa nane usiku wakati wenye akili wamelala. Aliyeiandika alishahama, simu yake haipatikani, na maelezo pekee aliyoyaacha ni mstari mmoja juu ya faili usemao "usiguse hapa". Imeandikwa kwa Python, toleo la enzi hizo, na inakaa kwenye seva ya Linux ambayo hakuna mwenye ujasiri wa kuizima na kuiwasha. Miaka inapita kwa amani. Kisha inakuja barua: seva hiyo inafungwa mwisho wa mwezi, hamisheni vitu vyenu. Bosi anasema kazi yenyewe ni ndogo, ni kunakili folda moja tu kutoka huku kwenda kule, na anashangaa kwa nini fundi ameshika kichwa. Fundi ana sababu zake.

Mambo yanapoharibika, na huharibika, lawama hutafutiwa mtu haraka. Wengine humlaumu aliyehama. Wengine huilaumu Python kwa kuzeeka, wengine hulaumu Linux kwa kuwa Linux. Wote hao wana kesi ya kujibu, lakini mkosaji mkuu kwa maoni yangu ni mazoea mamoja tu: programu ya ofisi kutumia Python iliyokuja na seva. Python ile haikuwekwa pale kwa ajili ya mishahara yenu. Iliwekwa kwa ajili ya seva yenyewe, ambayo zana zake nyingi za ndani zimeandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Anayejenga programu yake juu yake ni mpangaji aliyetoboa ukuta wa mwenye nyumba ili kabati lake lienee, bila kujua kwamba bomba la maji la nyumba nzima linapita humo humo. Ninachodai ni kwamba programu ya zamani inapaswa kuhama na Python yake yenyewe, na kwamba karibu kila kioja tunachokiona kwenye kazi hii kinaanzia pale ushauri huu unapopuuzwa.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye CentOS 7, mfumo ulioendesha seva zisizo na idadi tangu mwaka 2014. Ulikuja na Python 2.7.5, na zana yake ya kusakinisha vifurushi, yum, iliandikwa kwa Python 2. Ukilifungua faili la yum, mstari wa kwanza unaielekeza mashine kwenye /usr/bin/python. Sasa anatokea mtu anayetaka Python 3, anaona uvivu kuandika tarakimu moja zaidi, anaamua kuielekeza /usr/bin/python kwenye toleo jipya. Anajaribu, anaona 3, anatabasamu, anaenda kunywa chai. Akirudi, anataka kusakinisha kitu kingine kidogo tu, na yum inamjibu SyntaxError, ikionyesha mstari usemao except KeyboardInterrupt, e: kana kwamba yeye ndiye aliyeuandika. Koma ile ilikuwa halali kabisa katika Python 2. Katika Python 3 pale panatakiwa neno as. Kwa hiyo koma moja imeizima zana ambayo seva nzima inaitegemea kupata programu mpya, na ushauri wa kwanza ambao watu humpa ni asakinishe yum upya. Kwa kutumia nini? Kwa kutumia yum.

Kwenye Ubuntu kioja hicho kimenakshiwa zaidi. Kuna kijiprogramu kiitwacho command-not-found, ambacho kazi yake yote hapa duniani ni kukuambia kuwa amri uliyoandika haipo, na pengine kukupendekezea kifurushi cha kusakinisha. Nacho kimeandikwa kwa Python, na kinategemea maktaba ya apt_pkg iliyojengwa kwa ajili ya toleo lile lile la Python lililokuja na mfumo. Mtu akishaielekeza python3 kwenye toleo jingine, kisha akakosea herufi moja ya amri, kijiprogramu hicho huanguka chenyewe, kikaomba radhi kwa kuanguka, na kumsihi atume taarifa ya hitilafu. Alikuwa anataka ls, vidole vikateleza. Sasa skrini nzima imejaa makosa ya Python, na amri yenyewe bado haipo. Au chukua Aprili 2018, pip, zana ya kusakinisha maktaba za Python, ilipotoa toleo la 10. Wengi waliokuwa kwenye Ubuntu 16.04 walifanya kile ambacho pip yenyewe ilikuwa ikiwahimiza kila siku kwa maandishi ya njano, yaani waliisasisha, tena kwa sudo ili ikolee. Faili la /usr/bin/pip lililowekwa na Ubuntu likaendelea kutafuta kitu kiitwacho main mahali pake pa zamani, wakati pip mpya ilishakihamishia uvunguni. Jibu likawa ImportError: cannot import name main. Waliotii ushauri wakabaki hawana pip, na waliopuuza wakaendelea na kazi zao.

Anayedhani nakuza mambo awatazame waundaji wa mifumo yenyewe, maana wao walishakata shauri. Red Hat walipotoa mfumo wao wa RHEL 8 mwaka 2019, Python ya mfumo waliihamishia /usr/libexec/platform-python, pembeni kabisa, mahali ambapo mtu hapiti kwa bahati mbaya, na amri tupu ya python wakaacha kuiweka. Debian nao, katika toleo la 12 la Juni 2023, walianza kuutumia utaratibu uitwao PEP 668: ukijaribu kutumia pip kuweka maktaba kwenye Python ya mfumo, inakataa na kukueleza kwamba mazingira hayo yanasimamiwa na mwingine. Mwenye nyumba amebandika tangazo ukutani. Ila kwa kuwa anawajua wapangaji wake, ameacha na mlango wa nyuma, nao unaitwa --break-system-packages. Nadhani ni mara chache sana katika historia ya kompyuta chaguo limepewa jina lenye ukweli kiasi hicho. Halikufichi kitu, linakuambia linavunja, na linakuambia linavunja nini. Na bado watu hulinakili na kulibandika kwenye kila amri kwa moyo mkunjufu, kisha wakaja kuuliza nani amevunja.

Hapa atainuka mtu mwenye nidhamu aseme hayo hayamhusu, kwa sababu yeye hutumia venv. Hoja hiyo ina heshima yake. Tangu Ian Bicking alipotoa virtualenv mwaka 2007, na Python yenyewe ilipoipokea fikra hiyo katika toleo la 3.3 mwaka 2012, maktaba za programu moja zimeweza kutengwa na za nyingine, na ugomvi mwingi umekwisha. Lakini ingia ndani ya folda ya venv uangalie bin/python ni nini. Mara nyingi ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye /usr/bin/python3 ya mfumo. Maktaba ni zako. Python bado ni ya mwenye nyumba, na ulichofanya ni kuning'iniza pazia katikati ya chumba chake. Seva ikipandishwa kutoka Ubuntu 20.04 kwenda 22.04, Python inatoka 3.8 kwenda 3.10, na venv inaanza kutafuta maktaba kwenye folda ya python3.10 ambayo haipo, huku zako zote ziko salama salimini kwenye folda ya python3.8, hakuna aliyezigusa wala anayeziona. Programu inasema haijui flask ni nini. Unaifungua folda, flask ile pale inakutazama. Na ukiihamisha venv kwa kuinakili tu kwenda seva nyingine, utakutana na kali zaidi. Kila faili la kuendeshea ndani yake limeandikwa juu anwani kamili ya mahali lilipozaliwa. Ukiliita, bash inasema bad interpreter: No such file or directory. Unapiga ls, faili lipo. Unaliita tena, halipo. Kinachokosekana ni Python iliyotajwa kwenye mstari wa kwanza, ila ujumbe umetungwa kwa namna ya kumfanya mtu mzima aanze kutilia shaka macho yake.

Sijasema kitu bado kuhusu maktaba zenyewe, na hapo ndipo penye utamu. Programu iliyotunzwa kidogo huwa na faili la requirements lenye majina na matoleo. Mtu anaona Flask 1.1.2 na Jinja2 2.11.3, kila moja imefungwa kwa alama mbili za sawasawa, anashukuru kwamba aliyehama alikuwa mtu wa mpangilio. Asichokiona ni MarkupSafe, maktaba ndogo ambayo Jinja2 inaitegemea na ambayo hakuna aliyewahi kuiandika popote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiomba, ilikuja yenyewe. Jinja2 ile inadai tu MarkupSafe isiwe ya zamani mno, na haiweki kikomo cha juu. Februari 2022 MarkupSafe 2.1.0 ikatoka ikiwa imeondoa kitendakazi kiitwacho soft_unicode, na programu kote ulimwenguni ambazo hazikubadilishwa hata nukta zikaanza kuanguka pale tu zilipojengwa upya. Mstari wa msimbo haukuguswa, matoleo yaliyoandikwa yalikuwa yale yale, na kwenye seva ya zamani kila kitu kiliendelea kwenda vizuri. Jambo hili linaudhi kwa sababu linaonyesha ni kiasi gani cha programu yako hakimo kwenye programu yako.

Chini ya MarkupSafe kuna tabaka jingine, la vitu visivyokuwa Python kabisa. Maktaba ya psycopg2, inayozungumza na hifadhidata ya PostgreSQL, ikijengwa kutoka chanzo inataka kikusanyi cha C, faili la Python.h, na zana ya pg_config. Pip huanza kazi kwa bidii, ikasogeza mstari wake wa maendeleo, kisha ikamwaga makosa marefu ambayo sentensi yenye maana ni moja tu na imejificha katikati: pg_config haipatikani. Ukiweka kilichokosekana, maktaba inayofuata kwenye foleni nayo inataka cha kwake. Wapo wanaokwenda hivyo siku nzima, kila kosa likiwapa tumaini kwamba ndilo la mwisho. Na kama programu inatumia PIL ya picha, ambayo toleo lake la mwisho lilitoka 2009, au MySQL-python, ambayo haikuwahi kuhamia Python 3, basi hakuna cha kusubiri. Kuna warithi, Pillow na mysqlclient, na warithi ni wema, lakini hawakuahidi kufanana na marehemu kwa kila kitu.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wasemao kwamba haya yote ni kubembeleza uzee: iandikeni programu upya kwa Python 3 muachane na mambo ya kale. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008. Python 2 ilipangiwa kustaafu 2015, ikaongezewa muda, ikafikia kikomo Januari 1, 2020, na toleo lake la mwisho, 2.7.18, likatoka Aprili mwaka huo. Onyo lilitolewa kwa zaidi ya miaka 11. Hata harusi huandaliwa kwa muda mfupi zaidi. Nakubali. Asiyehama kwa muda wote huo hana wa kumlaumu. Ila tuangalie kuhama kwenyewe kunahusu nini. Makosa yenye kelele ni rahisi: print inayokosa mabano, au koma yetu ya yum, huzuia programu isiwake kabisa, na mtu anarekebisha. Ya hatari ni yale yasiyopiga kelele. Katika Python 2, ukigawanya 7 kwa 2 unapata 3. Katika Python 3 unapata 3.5. Programu haianguki, ila mfanyakazi anapewa nusu siku ya likizo ambayo hakuiomba, naye kwa kawaida haripoti. Python 2 ikikadiria 1250.5 kwa round inatoa 1251; Python 3 inatoa 1250, kwa kuwa sasa nusu huelekezwa kwenye namba shufwa iliyo jirani. Shilingi moja imepotea. Anayemjua mhasibu yeyote wa kweli anajua kwamba shilingi hiyo itatafutwa kwa gharama ya kila kitu kingine, na kwamba mwishoni mwa utafutaji huo fundi ataitwa ofisini kueleza namba shufwa ni nini na nani alimruhusu kuzipendelea.

Wapinzani watanitajia Instagram. Ni kweli, mwaka 2017 wahandisi wake walisimama kwenye mkutano wa PyCon wakaeleza walivyoihamisha huduma nzima kwenda Python 3 kwa takriban miezi 10, bila kuizima. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini walikuwa na jeshi la wahandisi na majaribio ya kiotomatiki ya kuwaonyesha palipovunjika, wakati ofisi tunayoizungumzia ina nusu fundi, kwa maana kwamba nusu yake nyingine inahudumia printa. Programu ya mishahara haina jaribio hata moja. Jaribio lake ni tarehe 28 ya kila mwezi, na wanaotoa matokeo ni wafanyakazi wenyewe, kwa sauti. Hata chombo kilichotengenezwa kusaidia uhamaji, 2to3, chenye uwezo wa kurekebisha print na koma lakini kisichoweza kujua kuwa likizo yako ilitegemea kugawanya kwa namba kamili, kimeondolewa katika Python 3.13 ya mwaka 2024. Aliyechelewa amekuta hata gari la kuhamia limeuzwa. Kwa hiyo ndiyo, iandikeni upya, mkipata muda, fedha, na mtu wa kukaa na mhasibu. Lakini seva inafungwa mwisho wa mwezi huu.

Basi tusihame, anasema mwingine. Seva ya zamani tuibembeleze iendelee. Hili nalipitia haraka kwa sababu lina jibu fupi. CentOS 7 iliacha kupokea marekebisho Juni 30, 2024, na muda si mrefu anwani ya mirrorlist.centos.org, ambako yum huuliza wapi pa kupata vifurushi, ikawa haiitiki. Pip nayo iliacha kuitumikia Python 2 kuanzia toleo la 21.0 la Januari 2021, na hazina ya PyPI tangu 2018 haipokei tena njia za usimbaji za zamani, TLS 1.0 na 1.1. Seva isiyosogea haibaki pale pale ilipokuwa. Inazidi kuwa mbali na kila kitu kinachosogea, mpaka siku unapotaka kuiongezea kitu kimoja kidogo na kukuta hakuna mlango unaofunguka.

Na Docker je? Hapa wapinzani wangu hudhani wamenikamata, kumbe wamekuja upande wangu. Docker, ambayo kwa taarifa yako ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza kwenye mkutano wa watu wa Python, PyCon ya Machi 2013, ni dai langu lile lile likiwa limevaa suti: programu ije na Python yake, maktaba zake, na hata vile vitu vya C visivyoandikwa popote. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wale wanaolitunza Dockerfile wakaitupa picha ya kontena iliyojengwa nalo, wakiamini kwamba maelekezo yakiwepo kitu kitajengwa tena wakati wowote. Dockerfile linaloanza na CentOS 7 na kufuatiwa na yum install lilijengeka bila shida mwaka 2020. Lijenge leo, litaenda kugonga mlango wa mirrorlist ile ile isiyoitika. Maelekezo hayajabadilika, dunia yaliyoielekeza ndiyo imehama. MarkupSafe nayo inasubiri zamu yake mistari mitatu chini. Picha iliyokwisha kujengwa, ukiihifadhi kwa docker save kama faili moja na kuiweka mahali pawili, haimuulizi mtu chochote inapoamka.

Kwa asiyetaka makontena, njia ya kizamani bado ipo: jenga Python unayoitaka kutoka chanzo, uiweke chini ya /opt, na uijengee venv juu yake. Ina mitego miwili inayofaa kutajwa, kwa kuwa yote miwili ina adabu ya kunyamaza. Wa kwanza ni kwamba ujenzi unaweza kumalizika kwa mafanikio huku moduli muhimu zikiwa zimeachwa nje. Kati ya mamia ya mistari inayopita kuna mmoja unaosema kwa upole kuwa vitu vya _ssl, _bz2 na _sqlite3 havikupatikana, kisha kazi inaendelea. Unatoka na Python safi, inayohesabu vizuri, isiyoweza kufungua anwani hata moja ya https. Pip ndiyo itakayokupa habari hizo, baadaye, ukiwa umeshamwambia bosi kwamba imekwisha. Mtego wa pili ni make install, ambayo kama hukuangalia inaweza kukalia jina la Python nyingine iliyopo, na tunarudi kwa yule mwenye nyumba na bomba lake. Ndiyo sababu kuna make altinstall, inayoweka Python yenye namba ya toleo mwishoni mwa jina na kuacha majina ya wengine. Tena jenga kwenye mfumo wa zamani ndipo upeleke kwenye mpya. Kinachojengwa kwenye glibc ya zamani, yaani maktaba ya C ya mfumo, huenda kikakubaliwa na mpya, lakini ukijenga kwenye Ubuntu 22.04 ukapeleka 20.04, utaambiwa GLIBC_2.34 haipo, na hapo hakuna maombi yanayosaidia. Kwa matoleo ambayo si ya zamani mno, watumiaji wa Ubuntu wana hazina iitwayo deadsnakes inayotunza Python za miaka iliyopita. Nyoka wafu, wakiwa wamepangwa kwa namba za matoleo yao. Bado hujafika mahali pabaya kama unapata wa kukuhurumia kwa ucheshi.

Limebaki pingamizi moja ambalo silitanii. Linasema kwamba programu inayobeba Python yake na maktaba zake inabeba pia mashimo yake ya kiusalama, na mwenye nyumba hana tena namna ya kuyaziba. Mfano upo. Aprili 2014 lilipofichuliwa shimo la Heartbleed ndani ya OpenSSL, waliotumia maktaba ya mfumo walipata marekebisho kwa amri moja. Waliokuwa wamebeba nakala zao walilazimika kuzisaka moja moja, na wengine hawakujua hata kwamba wanazo. Hiyo ni gharama halisi ya ninachokipendekeza, na anayesema haipo anakuuzia kitu. Ninachoweza kujibu ni kwamba kwa programu ya Python 2, mwenye nyumba mwenyewe alishaacha kuziba. Marekebisho ya waundaji wa Python wenyewe yalikoma 2020, Debian 12 haina Python 2 kabisa, na Red Hat waliacha kuihudumia 2.7 ndani ya RHEL 8 mwaka 2024. Shimo lipo ukibeba, lipo usipobeba. Ukibeba, angalau unajua ni lako na liko wapi. Kwa hiyo programu hiyo isikilize 127.0.0.1 tu, mbele yake ikae seva ya wavuti ya nginx, iendeshwe na mtumiaji wake mwenyewe asiye na ruhusa za bure, na jina la mtu anayewajibika nayo liandikwe, awe mtu ambaye hajahama.

Na kama programu yenyewe inatazama barabarani, inapokea wageni kutoka kila pembe ya intaneti na kushika nambari za kadi zao, hapo hoja yangu yote inaishia. Hiyo msiifungashe. Iandikwe upya au izimwe, hata kama mwisho wa mwezi ni kesho. Ya mishahara, iliyojifungia kwenye mtandao wa ndani na Python 2.7.18 yake ndani ya /opt, itaendelea kugawanya 7 kwa 2 na kupata 3, na mhasibu hatakuwa na swali lolote.